Siku 40 za Sarafu Kifuani

Tarehe 3 Aprili 1843, nyumbani kwake London, mhandisi Isambard Kingdom Brunel alikuwa akiwaburudisha watoto kwa mchezo wa kiinimacho. Alikuwa ametia mdomoni sarafu ya dhahabu ya nusu pauni. Katikati ya mchezo sarafu ikamponyoka, ikateleza nyuma ya ulimi, ikazama. Ilikuja kutoka tarehe 13 Mei.

Brunel alikuwa na miaka 36 na jina lake lilikuwa midomoni mwa Waingereza. Reli ya Great Western, kutoka London hadi Bristol, ilikuwa imekamilika miaka miwili nyuma. Njia ya chini ya mto Thames, ambayo alishiriki kuijenga chini ya baba yake Marc, ilikuwa imefunguliwa tarehe 25 Machi, siku chache tu kabla ya mkasa. Huko Bristol, meli ya chuma iliyoitwa Great Britain ilikuwa ikingoja kushushwa majini mwezi Julai. Mtu wa namna hiyo hawezi kupaliwa kimyakimya. Magazeti yalimfuatilia, na daktari wake mkuu, Sir Benjamin Brodie, aliwasilisha maelezo ya kisa mbele ya madaktari wenzake. Kwa sababu hiyo, miaka zaidi ya 180 baadaye, bado inawezekana kuchambua hatua kwa hatua jinsi sarafu ile ilivyotolewa, katika zama ambazo hazikuwa na eksirei wala dawa ya usingizi.

Jambo la kwanza la kuliweka sawa ni kwamba Brunel hakuimeza sarafu. Aliivuta.

Nyuma ya ulimi njia mbili hukutana. Umio, ulio upande wa nyuma, hupeleka chakula tumboni. Koo la hewa, lililo mbele yake, hupeleka pumzi mapafuni. Mtu anapomeza, kidakatonge hulala juu ya mlango wa hewa, nyuzi za sauti hujifunga, na tonge hupita salama kuelekea umioni. Lakini anapocheka, kushtuka au kuongea huku ameshikilia kitu mdomoni, pumzi huvutwa ghafla wakati mlango wa hewa uko wazi kabisa. Kitu kikifuata pumzi hiyo, kinashuka hadi pale koo la hewa linapogawanyika matawi mawili. Tawi la kulia ni pana, fupi na limesimama wima kuliko la kushoto. Sarafu ya Brunel, yenye kipenyo cha karibu milimita 19 na uzito wa karibu gramu 4, ilikwenda huko kulia.

Waliwezaje kujua? Kwa takribani wiki mbili hawakuwa na uhakika. Mgonjwa alikohoa, alisikia maumivu upande wa kulia wa kifua, lakini alikuwa akitembea na kufanya kazi. Kitu kikishatulia ndani ya tawi moja la mapafu, tawi la pili linaendelea kupitisha hewa, na mtu anaweza kudhani hatari imepita. Ni kosa linalorudiwa hadi leo: kikohozi cha ghafla kinakoma, mtu anakunywa maji, anaendelea na shughuli zake, na miezi kadhaa baadaye anatibiwa nimonia isiyokwisha upande uleule.

Jaribio lililotegua kitendawili alilifanya Brunel mwenyewe. Aliinama juu ya kiti, kifua chini na kichwa kikining'inia, akahisi kitu kinateleza kuelekea kooni. Alipoinuka, kikateleza kurudi. Jaribio hilo rahisi lilibeba habari nyingi. Sarafu iliyoko tumboni haipandi kooni kwa mtu kuinama. Sarafu iliyokwama kwa nguvu haisogei. Kwa hiyo kitu kilikuwa ndani ya njia ya hewa, kilikuwa huru, na kilitii uzito wake chenyewe. Hapo tatizo la kitabibu likawa tatizo la mekanika, na mgonjwa alikuwa fundi wa mekanika kuliko wote waliomzunguka.

Brunel akaagiza itengenezwe fremu yenye ubao uliofungwa kwenye mhimili kati ya nguzo mbili. Mtu angelazwa juu ya ubao, akafungwa mikanda, kisha ubao ungepinduliwa mpaka kichwa kiwe chini na miguu juu. Uzito wa dhahabu ungeivuta sarafu kutoka kwenye tawi la mapafu hadi mdomoni. Tarehe 25 Aprili walijaribu. Alipinduliwa, akapigwa mgongoni, sarafu ikashuka kama ilivyotarajiwa, na papo hapo akashikwa na kikohozi na kukabwa kwa kiasi kilichowatisha wote waliokuwapo. Wakamgeuza haraka. Waliogopa kurudia.

Hesabu ya mhandisi ilikuwa sahihi kuhusu sarafu, ila ilikuwa imemsahau mlinzi wa mlangoni. Nyuzi za sauti zikiguswa na kitu kutoka chini au juu, hujifunga kwa nguvu bila mtu kuamua. Ni kinga, na kwa kawaida huokoa maisha. Safari ya kuingia, sarafu ilizikuta zimefunguka kwa pumzi iliyokuwa ikivutwa. Safari ya kutoka, ilizigonga nazo zikafunga, huku sarafu yenyewe ikiwa imekaa chini yake na kuziba nafasi iliyobaki. Kila hatua ambayo ingeikaribisha sarafu mdomoni ingemkaribisha mgonjwa kwenye kifo.

Tarehe 27 Aprili Brodie alichukua njia ya pili. Alipasua shingo mbele na kufungua tundu kwenye koo la hewa, akakusudia kupitisha humo koleo refu na kuikamata sarafu iliko. Brunel alikuwa macho. Koleo liliingizwa bila kuona chochote, kwa kupapasa tu, na kila lilipogusa ukuta wa ndani kifua kilijibu kwa kikohozi cha kutikisa mwili mzima. Siku chache baadaye walijaribu tena, wakashindwa tena. Brodie alikuwa miongoni mwa madaktari wa upasuaji wenye heshima kubwa kabisa Uingereza, na sifa yake iliyo kubwa zaidi katika kisa hiki ni kwamba alijua kuacha. Kuta za matawi ya mapafu ni nyembamba, na mishipa mikubwa ya damu iko jirani nazo. Koleo linalong'ang'ania kisichoonekana lingeweza kushika nyama badala ya dhahabu.

Lakini tundu la shingoni hawakuliziba. Uamuzi huo ndio uliobeba suluhisho lote.

Tarehe 13 Mei, Brunel alifungwa tena kwenye ubao uleule na kupinduliwa. Sarafu ikashuka. Safari hii, kama ingefika kwenye nyuzi za sauti na kuziba, hewa ilikuwa na mlango mwingine chini yake. Tundu lilifanya kazi ya valvu ya usalama kwenye boila: hatari ya kukabwa iliondolewa kabla haijatokea, na waliokuwapo waliweza kusubiri bila hofu. Akapigwa mgongoni taratibu, akakohoa mara mbili tatu, na sarafu ikapita kati ya nyuzi za sauti, ikagonga meno, ikatoka kwa mdomo. Husimuliwa kwamba mwanahistoria Macaulay alipopata habari alikimbia ndani ya klabu ya Athenaeum akitangaza kwa sauti kwamba imetoka, na kila aliyesikia alijua ni nini.

Wasimuliaji wengi humpa Brunel ushindi wote, na wengine humpa Brodie. Ukitazama mpangilio wa matukio, ubao peke yake ulikaribia kumuua na upasuaji peke yake haukutoa kitu. Vilipowekwa pamoja, kila kimoja kikaziba upungufu wa mwenzake. Uzito ulifanya kazi ya kutoa. Tundu lilifanya kazi ya kulinda. Ni mgawanyo wa kazi ambao kila mbinu nzuri iliyofuata iliuheshimu, hata pale vifaa vilipobadilika kabisa. Na isemwe wazi: kumpindua mtu mzima miguu juu leo, nyumbani, ni kurudia kosa la tarehe 25 Aprili bila tundu la tarehe 27.

Kilichokosekana London mwaka 1843 kilikuwa mwanga. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alifanikiwa kupitisha bomba la chuma lililonyooka hadi tumboni kwa msaada wa mtu aliyeishi kwa kumeza panga majukwaani, ambaye alijua jinsi ya kuinua kidevu ili mdomo, koo na umio vikae katika mstari mmoja. Mjini humohumo, mwaka 1897, Gustav Killian alichungulia ndani ya koo la hewa la mkulima mwenye miaka 63 kupitia bomba la aina hiyo, akaona kipande cha mfupa wa nguruwe ndani ya tawi la kulia, akakitoa kwa koleo kupitia mdomoni. Kokeini ilitumika kutia ganzi. Shingo haikupasuliwa. Koleo lililomshinda Brodie sasa lilikuwa na jicho.

Mtu aliyeigeuza kazi hiyo kuwa ufundi unaofundishika ni Mmarekani Chevalier Jackson, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1865. Miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovitoa kwenye umio kwa kifaa alichokibuni mwenyewe, karibu mwaka 1890, yalikuwamo meno ya bandia ya mtu mzima. Baadaye aliweka taa ndogo kwenye ncha ya ndani ya bomba, pale hasa kitu kilipo, badala ya kumulika kutoka nje. Katika maisha yake ya kazi alikusanya vitu 2,374 vilivyotolewa kwenye koo, umio na mapafu ya watu. Aliukabidhi mkusanyiko huo mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Mütter huko Philadelphia, na uko huko mpaka sasa, umepangwa kwenye droo: misumari, vifungo, mifupa, sarafu, sindano, pini za kila aina.

Hizo pini ndizo zilizomfundisha kanuni yake kubwa. Ncha kali inayotangulia mbele hutoboa. Ncha inayoburutwa nyuma haitoboi. Mfano wake mgumu ni pini ya mtoto iliyofunguka, iliyokwama umioni huku ncha ikielekea juu. Daktari asiye na subira ataikamata na kuivuta, na ncha itachana umio kutoka chini hadi juu. Jackson alifanya kinyume cha matarajio ya kila aliyesimama pale. Aliishika upande wa mzunguko wake, akaisukuma polepole hadi ndani ya tumbo lenye nafasi, akaigeuza humo, kisha akaivuta nje huku mzunguko ukitangulia na ncha ikifuata. Kwa pini iliyonyooka ndani ya tawi la mapafu, ncha ikiwa juu, alitafuta ile ncha yenyewe kwanza, akaiingiza ndani ya mdomo wa bomba ili chuma cha bomba kiwe ala yake, ndipo vikatoka pamoja.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, aliomba aletewe kitu cha aina ileile iliyomezwa. Alikiweka ndani ya mpira wa mfano, akafanya mazoezi ya kukishika na kukigeuza mpaka mkono uzoee. Msaidizi wake mmoja alikuwa na kazi moja tu wakati wote: kushikilia kichwa cha mgonjwa nje ya ukingo wa meza, kwenye kimo na mwelekeo uliotakiwa, na kukisogeza kadiri bomba lilivyoshuka. Utaratibu huo unaeleza mafanikio yake kuliko kipaji chochote cha mkono.

Kanuni ya Jackson haijazeeka, na kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ina mahali pake mahususi. Uturuki, Misri na nchi nyingine ambako wanawake hufunga mitandio kwa pini, majarida ya udaktari yamekuwa yakieleza tukio linalofanana kwa miaka mingi. Mwanamke kijana amesimama mbele ya kioo, ameshika pini kwa midomo kwa sababu mikono yote miwili inapanga ushungi. Anaitwa, anajibu, au anacheka, na pini inavutwa. Kile kichwa chake cha plastiki au kioo, ambacho ni kizito kuliko ncha, hutangulia kushuka. Ncha hubaki ikitazama juu. Ni mkao uleule ambao Jackson aliuchora. Daktari wa mapafu anayetumia kamera nyembamba inayopindika bado anaanza kwa kuitafuta ncha. Mafundi cherehani wenye mazoea ya kushika pini kwa midomo, na maseremala wenye misumari, wamo katika hatari ileile. Kitambaa kidogo kilichojazwa pamba cha kuchomekea pini ni cha bei rahisi mno kulinganisha na safari ya hospitali.

Upande wa umio, mambo hubadilika. Hapa hatari ya kukosa pumzi ni ndogo, na sehemu kubwa ya vitu vinavyomezwa, kati ya asilimia 80 na 90 kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari, hupita vyenyewe na kutoka. Vinavyokwama hukwama mahali panapojulikana: mwanzoni mwa umio, pale mshipa mkuu wa damu unapoubana kwa pembeni, na mwishoni karibu na tumbo. Vikifika tumboni, kitu chenye upana wa zaidi ya sentimita 2.5 kwa kawaida hakitoki kwenye mlango wake, na chenye urefu wa zaidi ya sentimita 6 hushindwa kupinda kona ya utumbo wa kwanza.

Kwa watu wa pwani na maziwa, mwiba wa samaki ndio mgeni wa mara kwa mara. Mwatiko, kwa utamu wake wote, una miba mingi myembamba. Bahati nzuri ni kwamba miba mingi haifiki umioni kabisa. Huchoma kwenye tezi za koo au shina la ulimi, ambapo daktari mwenye taa na koleo anaiona na kuitoa kwa muda mfupi. Tiba ya nyumbani inajulikana na kila mtu: meza tonge la ugali bila kutafuna, au ndizi, au konzi ya wali. Wakati mwingine mwiba laini hung'oka, na ndiyo sababu tiba hiyo inaendelea kuaminiwa. Lakini ikipimwa kwa kanuni ya ncha, ni hatari tupu. Tonge haligeuzi mwiba wala haliikingi ncha. Linausukuma tu kwa nguvu za misuli ya umio, upande wowote uliokuwa umeelekea. Mwiba uliokuwa unaonekana kwa kufungua mdomo unaweza kushindiliwa hadi ndani ya nyama ya ukuta, na hapo hata mtaalamu atausaka kwa tabu.

Eksirei ya kawaida nayo hudanganya, kwa sababu miba mingi ya samaki na meno mengi ya bandia ya plastiki hayaonekani juu yake. Picha safi haimaanishi koo safi. Kipimo cha CT huona vizuri zaidi, hasa mwiba uliotoboa. Na ipo hali moja ambayo kila mhudumu wa dharura anapaswa kuijua: mwiba uliotoboa umio karibu na mshipa mkuu wa damu unaweza kuleta maumivu ya kifua, kisha damu kidogo ya kutapika, kisha saa au siku kadhaa za utulivu, kabla ya damu nyingi isiyozuilika. Utulivu huo wa katikati ndio muda pekee wa kuokoa maisha, na ndio ambao mgonjwa huutumia kurudi nyumbani akishukuru.

Wapo pia wasiojua kabisa kwamba wamemeza kitu. Mwandishi wa Kimarekani Sherwood Anderson alipanda meli mwaka 1941 kuelekea Amerika Kusini, akaumwa tumbo njiani, akafia Colón, Panama, tarehe 8 Machi. Uchunguzi wa maiti ulikuta kijiti cha kuchokolea meno kimetoboa utumbo wake. Kijiti cha mti hakionekani kwenye eksirei, ni kirefu, na kina ncha pande zote mbili, kwa hiyo haijalishi kimeelekea wapi: daima kuna ncha inayotangulia.

Leo, mtu mzima mwenye kitu chenye ncha umioni, au aliyezibwa kabisa kiasi cha kushindwa kumeza mate yake mwenyewe, anahitaji kamera ndani ya saa chache. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2016 unataka iwe ndani ya saa 2 ikiwezekana na isizidi 6. Kamera inayopindika, ambayo Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliijaribu kwenye koo lake mwenyewe mwaka 1957 huko Michigan, imeondoa haja ya kunyoosha mwili kama wa mmeza panga. Ndani yake hupitishwa koleo, kitanzi, wavu au kikapu. Kwa vitu vyenye ncha, daktari hutanguliza bomba la plastiki la kukinga umio, au huvisha ncha ya kamera kofia ya mpira inayojikunjua na kukifunika kitu wakati wa kutoka. Ala ya chuma ya Jackson imekuwa ya mpira.

Kwa nyama iliyokwama, ambayo ndiyo sababu kubwa kwa watu wazima katika nchi nyingi, kutoa tonge ni nusu ya kazi. Umio wenye afya haukwamishi kipande cha nyama kirahisi. Daktari makini, baada ya njia kuwa wazi, hurudisha kamera kutazama ukuta: kovu la asidi, uvimbe wa mzio, au saratani. Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye kiwango cha juu cha saratani ya umio, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Kwa hiyo vipande vidogo vya ukuta hukatwa na kupelekwa maabara, pengine siku hiyohiyo, pengine baada ya wiki chache uvimbe ukishatulia. Mgonjwa hupewa tarehe ya kurudi. Wengi hawarudi, kwa sababu nyama imetoka na wanameza vizuri. Ni hao hasa ambao wauguzi wa kliniki wanapaswa kuwapigia simu.